Uvuvi wa sponji: maana yake na historia yake

Uvuvi wa sponji ni kazi ya kuwatoa baharini wanyama wasio na ubongo wala viungo, ambao hukaa wameshikamana na miamba maisha yao yote, na kuwasafisha mpaka kibaki kiunzi laini chenye matundu kinachofyonza maji. Zipo maelfu ya aina za sponji, lakini nyingi zina vijiti vidogo vya silika (madini yanayotengeneza kioo) au chokaa ambavyo vingekwaruza ngozi. Zinazouzika ni chache, hasa za jamii za Spongia na Hippospongia, kwa kuwa kiunzi chake ni cha nyuzi za protini pekee. Sponji ikitolewa majini huwa nyeusi na huanza kunuka upesi. Mabaharia huikanyaga kwa miguu juu ya sitaha ili nyama iliyooza itoke, huitunga kwenye kamba na kuirudisha baharini ioshwe, na hatimaye huikausha na kuipunguza kwa mkasi.

Matumizi yake ni ya kale. Homer, mshairi wa kale wa Kigiriki, anawataja watumishi wakifuta meza kwa sponji, na mwanafalsafa Aristotle aliandika kuhusu aina zake na wazamiaji wake. Kwa karne nyingi kitovu cha kazi hii kilikuwa bahari ya Aegean, kati ya Ugiriki na Uturuki, hususan visiwa vya Kalymnos na Symi, ambavyo ardhi yake ni mawe matupu na havikuwa na mengi ya kuuza zaidi ya kile kilichokuwa chini ya maji. Mzamiaji alishuka uchi, akiwa ameshika jiwe bapa lililofungwa kamba. Uzito wa jiwe ulimpeleka chini haraka, naye alikata sponji alizoweza kwa pumzi moja, kisha wenzake wakamvuta juu. Hatari zilikuwepo, lakini pumzi yenyewe iliweka mpaka wa kina na wa muda.

Mpaka huo uliondoka katika miaka ya 1860, vazi la kuzamia lenye kofia ya shaba lilipofika Symi na visiwa jirani. Vazi hilo lilitokana na kazi ya Augustus Siebe, fundi Mjerumani aliyekuwa akiishi London, na lilipokea hewa kutoka kwenye pampu iliyokuwa mashuani. Sasa mtu aliweza kutembea chini ya bahari kwa muda mrefu na kufikia sponji ambazo hakuna aliyewahi kuzigusa. Viwanda vya Ulaya vilikuwa vikizihitaji kwa wingi, kwa kuoga, kwa kusafishia farasi na magari yao, kwa kazi za ngozi, za rangi na za vyungu, na hata hospitalini, kwa hiyo wafanyabiashara wa Kalymnos walifungua ofisi London na mashua zao zikafika hadi pwani za Libya, Tunisia na Misri.

Pamoja na fedha hizo vikaja vifo na ulemavu. Kila mita 10 za maji huongeza mgandamizo unaokaribia ule wa hewa yote iliyo juu yetu, na chini ya mgandamizo huo gesi ya naitrojeni anayoivuta mzamiaji huyeyuka katika damu na tishu zake. Akipanda taratibu, gesi hutoka kwa njia ya mapafu. Akipanda ghafla, hugeuka mapovu ndani ya mwili, na mapovu hayo huweza kumpooza au kumuua. Mwanafiziolojia Mfaransa Paul Bert alikwisha kueleza jambo hili mwaka 1878, na mwaka 1908 John Scott Haldane wa Uingereza alichapisha majedwali ya kupanda kwa vituo, yaani kusimama kwa muda katika vina fulani ili gesi itoke. Siamini kwamba kosa lilikuwa la vazi lenyewe. Wazamiaji wa Kalymnos walilipwa sehemu kubwa ya ujira kabla ya safari, na fedha hizo familia ilizitumia mapema. Mtu aliondoka baada ya Pasaka akiwa tayari na deni la kulipa kwa sponji, huku nahodha naye akitaka kurudisha mtaji wake kabla ya majira ya baridi. Katika hali hiyo, kupanda polepole kulionekana ni kupoteza muda. Mpaka leo kisiwani humo huchezwa ngoma ambayo kiongozi wake hutetemeka miguu na kuegemea fimbo, akiigiza mzamiaji aliyepooza.

Hata ugunduzi mashuhuri wa wazamiaji hawa ulikuwa na gharama hiyo. Mwaka 1900 watu wa Symi waliokuwa wamejikinga na dhoruba kando ya kisiwa cha Antikythera, Ugiriki, waliona chini ya bahari mabaki ya meli ya kale, na katika kuyaopoa, kazi iliyoibua pia kile chombo cha magurudumu ya shaba cha kukokotolea mienendo ya jua na mwezi, mmoja wao alikufa na wawili wakapooza.

Ng'ambo ya Atlantiki, wavuvi wa Bahamas na wa Key West, Florida, walichungulia kupitia ndoo yenye kioo chini na kuopoa sponji kwa mti mrefu wenye kulabu, hivyo hawakuhitaji kupiga mbizi. Wazamiaji Wagiriki walianza kufika Tarpon Springs, Florida, mwaka 1905, wakiwa na mavazi yao, na mji huo ukawa soko kubwa. Kisha mwaka 1938 ugonjwa uliangamiza karibu sponji zote za biashara za Bahamas katika muda mfupi. Sponji za viwandani, zilizo rahisi kutengeneza, zilichukua wateja wengi baada ya Vita vya Pili vya Dunia, na mwaka 1986 ugonjwa mwingine ukaikumba Mediterania.

Sponji ina sifa moja ambayo uvuvi haukuitumia vya kutosha: kipande kikikatwa na kuachwa majini huendelea kukua. Huko Jambiani, Zanzibar, wanawake hutunga vipande hivyo kwenye kamba katika maji ya kina kifupi, huvisafisha mara kwa mara, na huuza sponji zilizokomaa kwa watalii na hoteli, bila kung'oa zile za porini.