Spitalfields haikusubiri Jack the Ripper

Kuna stori inarudiwa sana, eti vichochoro vibovu vya Spitalfields, mashariki mwa London, vilivunjwa sababu ya mauaji ya Jack the Ripper, yule muuaji wa wanawake asiyejulikana hadi leo, yaani bila yeye wakubwa wasingejali. Angalia tarehe tu. Mauaji ni 1888, lakini sehemu ya mtaa wa Flower and Dean ilishabomolewa kabla, na magorofa ya kupangisha yaliyoitwa Charlotte de Rothschild yakafunguliwa hapo 1887, aliyeyachora ni Nathan Solomon Joseph, msanifu Myahudi aliyekuwa anachora masinagogi na huku anahangaikia makazi ya wahamiaji maskini. Lile tao la kuingilia lipo mpaka leo Wentworth Street.

Na wengine hudhani magorofa hayo yalikuwa sadaka. Hapana bwana, kampuni iliyoyajenga ilianza 1885 ikiongozwa na tajiri wa benki, Nathan Rothschild, wapangaji walilipa kodi na wenye hisa walikula faida, ila mwisho asilimia 4, hadi jina la kampuni lilikuwa na hiyo nne.

Ni kweli baada ya mauaji kelele za magazeti ziliongeza presha, magorofa mengine ya kampuni hiyo, Nathaniel Dwellings, yakaja 1892, ila kufikia hapo Joseph na wenzake walishaanza kazi zamani.