Fidla Sikioni mwa Bibi Harusi

Mwanafunzi wangu akitaka kujifunza muziki wa harusi za Romania, kwanza namwambia aweke fidla chini apige makofi: moja-mbili, moja-mbili, moja-mbili-tatu. Hiyo ni geamparale, ngoma ya Dobrogea, upande wa Bahari Nyeusi. Ukiyahesabu yale mapigo saba moja moja utachelewa. Miguu iyasikie kama hatua tatu: fupi, fupi, ndefu.

Wapigaji wake huitwa lăutari, jina litokanalo na lăută, ala ya jamii ya udi. Kundi lao ni taraf: fidla, kodiani, besi, na țambal, yaani sanduku la nyuzi linalopigwa kwa vijiti viwili. Wengi wao ni Waroma, na mtoto hujifunza kwa baba au mjomba, kwa kusikiliza tu. Mababu zao walikuwa watumwa wa makabaila na wa nyumba za watawa; wa mwisho waliachiwa huru 1855 kule Moldavia na 1856 kule Wallachia, tawala mbili zilizoungana baadaye kuwa Romania. Anayeusifu muziki huu bila kulitaja hilo hajawatendea haki.

Huku nje ya Romania watu wanazijua zile nyimbo za kasi tu: hora, watu wakishikana mikono kwa duara, na sârba, mikono ikiwa mabegani. Lakini lăutar hupimwa mezani, kwenye nyimbo za kusikiliza. Humwendea mgeni mmoja na kumpigia karibu na sikio, polepole, huku akimsoma uso. Mgeni akiguswa, hutunza. Noti za pesa hubandikwa hata kwenye paji la uso la mpigaji.

Niliwahi kupiga fidla ya pili kwenye harusi ya kijijini, kusini mwa Bucharest. Usiku wa manane bibi harusi alikalishwa kitini. Msimamizi wake wa ndoa, wanayemwita nașa, akaanza kuchomoa pini za shela, moja baada ya moja, ili amfunge kitambaa cha mke. Mzee wetu wa fidla akainama sikioni mwa binti akaivuta kwenye fidla noti moja ndefu, akiangalia vile vidole. Pini ikikwama, naye anangoja kwenye noti ileile. Mama mzazi alikuwa analia. Pini ya mwisho ilipotoka, mzee alitikisa kichwa kidogo kuelekea kodiani, hora ikaanza papo hapo, na binti akavutwa duarani machozi hayajakauka.