Je, wajua kwa nini fremu ya kupangia mapezi ya roketi huhitaji mabamba mawili?

Roketi ndogo ya mfano haina usukani. Ikishauacha ule ufito wa chuma inaorukia, wenye urefu wa kama mita 1, kinachoiweka njiani ni mapezi tu. Ndivyo ilivyokuwa tangu Orville Carlisle, muuza viatu wa mji wa Norfolk, Nebraska, alipounda ya kwake mwaka 1954: bomba la karatasi, kichwa chepesi, mapezi nyuma. Pua ikiyumba, upepo huyapiga mapezi ubavuni, mkia unarudishwa mahali pake na pua inanyooka, kama manyoya yanavyofanya kwa mshale.

Pezi hukosewa kwa namna tatu. Laweza kugandishwa mahali pasipo pake kwenye mzingo wa bomba. Laweza kuinama upande mmoja. Au laweza kwenda mshazari, ncha ya mbele ikielekea kulia na ya nyuma kushoto, kama usukani wa mashua uliokwama. Wengi huhangaika na kosa la kwanza kwa sababu ndilo linaloonekana haraka. Kosa baya ni la tatu.

Tuchukue Alpha ya kampuni ya Estes, roketi ambayo wengi wamejifunzia. Bomba lake lina kipenyo cha milimita 24.8, kwa hiyo mzingo wake ni kama milimita 78, na mapezi 3 hukaa kila baada ya milimita 26. Ukikosea milimita 1 hapo, pezi limesogea karibu nyuzi 5. Si haba, lakini bado linaukata upepo kwa ukingo wake, na roketi itapanda bila shida. Milimita 1 hiyohiyo ikiwa ni mshazari, kwenye shina la pezi lenye urefu wa milimita 50, haifiki hata nyuzi 2. Hata hivyo upepo unapata ubavu wa kuusukuma, na roketi inaanza kuzunguka kama pia. Sehemu ya nguvu ya kuipandisha inaliwa na mzunguko, na kamba za parachuti zinaweza kujisokota. (Wapo wanaoyapa mapezi mshazari kwa makusudi, lakini hao huyapa yote kiasi kimoja.)

Sasa fremu yenyewe, ile inayovalishwa bomba na kushika mapezi mahali pake hadi gundi ikauke. Chukua kadibodi ngumu, chora duara la bomba kwa bikari, piga mistari 3 yenye nyuzi 120 kati yao, kisha ukate tundu na mianya ya unene wa pezi. Bamba moja la namna hii hugawa nafasi vizuri na huzuia pezi lisiiname, ila pezi laweza kugeukia ndani ya mwanya wake kama mlango kwenye bawaba. Ndiyo maana hukatwa mabamba mawili kwa pamoja, yamebanwa, ili mianya ilingane. Moja hushika pezi karibu na ncha ya mbele na jingine nyuma. Pale mwanya unapokutana na tundu, tanua kijishimo kidogo. Asiyefanya hivyo hugandisha fremu pamoja na roketi, kisha anabaki kukwangua kadibodi kwa wembe.

Mstari wa kufuata kwenye bomba haupigwi kwa macho. Laza bomba kwenye kona ya mwimo wa mlango, likae imara, kisha pitisha penseli ukifuata ukingo wa mbao. Mwimo ulionyooka ni rula ya bure.

Hata ukiwa na fremu, gundi ya mbao ikiwa bado mbichi inua roketi usawa wa jicho uitazame kutoka puani kwenda mkiani. Kila pezi lionekane kama uzi mwembamba. Ukiona uso wa pezi mojawapo, una dakika chache za kulisukuma kwa kidole.