Maji ya Mvua Ndani ya Boti Iliyotia Nanga: Dhana Potofu Zinazozamisha Vyombo na Kuharibu Mashine

Kila masika, kuanzia Machi hadi Mei, mvua ikishanyesha usiku kucha katika pwani yetu, asubuhi watu hukuta boti ambazo jana zilielea vizuri zimekaa chini, tezi (sehemu ya nyuma ya chombo) imezama na mashine iko karibu kuguswa na mawimbi. Mwenye chombo hulaumu wimbi, au huanza kutafuta tundu, ilhali chombo hakikutoboka popote. Kimejaa kutoka juu, kwa sababu ya mambo ambayo wengi wetu tumeyaamini kwa miaka mingi bila kuyapima.

"Hayo ni maji ya mvua tu, hayawezi kuzamisha boti."

Mvua ya milimita 1 ikinyesha juu ya eneo la mita 1 ya mraba huacha lita 1 ya maji, na lita 1 ina uzito wa kilo 1. Boti ya wazi yenye urefu wa mita 6 na upana wa mita 1.8 hupokea mvua kwenye eneo la takribani mita 8 za mraba, kwa kuwa omo yake, yaani sehemu ya mbele, imechongoka. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania inapotoa tahadhari ya mvua kubwa, huzungumzia mvua inayozidi milimita 50 ndani ya saa 24. Mvua ya kiasi hicho huacha ndani ya boti hiyo lita 400, yaani uzito wa watu wazima 6, na ikirudia siku ya pili bila mtu kwenda kufua maji, yaani kuyachota na kuyamwaga nje, ni kilo 800.

Uzito huo peke yake si hatari yote. Abiria 6 wanaweza kuambiwa wakae na wakatulia, lakini maji hayatulii: chombo kikiegama kidogo, yote hukimbilia upande ulioinama na kuuinamisha zaidi. Kwa sababu mashine imefungwa kwenye ubao wa tezi, na mashine ya nguvu farasi 40 huwa na uzito wa karibu kilo 70 au zaidi, tezi ndiyo iliyo chini tangu mwanzo, na maji ya mvua hukusanyika huko huko. Hapo ndipo mawimbi madogo, ambayo siku nyingine yasingefika hata kwenye nusu ya ubao, huanza kuingia kwa juu. Boti nyingi hazizami kwa mvua yenyewe. Mvua huzishusha, kisha bahari humalizia. Amari, yaani kamba ya nanga, iliyofungwa fupi huharakisha jambo hilo, kwani wakati wa bamvua (siku za maji kujaa sana) maji ya pwani yetu hupanda karibu mita 4, na chombo kizito kinachovutwa omo na kamba fupi hakiwezi kuinuka na maji.

Kwa hiyo anayekwenda kuiokoa boti ya namna hiyo asiirukie ubavuni. Mtu mzima akikanyaga ukingo wa chombo kilichojaa nusu, maji yote humfuata aliko, na chombo kinaweza kupinduka juu yake. Ni salama zaidi kufua kwa ndoo ukiwa umesimama kwenye maji mafupi au umekaa ndani ya chombo kingine kilichosogezwa kando, mpaka uzito upungue ndipo uingie.

"Chomoa kizibo cha chini, maji yatatoka yenyewe."

Yatatoka ikiwa boti iko nchi kavu. Chombo kinachoelea kina tundu hilo chini ya usawa wa bahari, kwa hiyo ukichomoa kizibo, mara nyingi bahari ndiyo itakayoingia. Wenye boti zinazokaa mchangani maji yanapokupwa wana bahati: wanaweza kuchomoa kizibo wakati huo na kuyaacha maji yatiririke, mradi wakirudishe na kukikaza kabla ya maji kuanza kujaa. Ningeshauri kizibo kifungwe kwa uzi kando ya tundu lake, kwa sababu kinachotiwa mfukoni husahauliwa mfukoni.

"Nimefunga pampu ya otomatiki, nalala bila wasiwasi."

Pampu ni msaada mzuri, lakini hutegemea betri, swichi inayoelea na mpira wa kutolea maji. Betri ya ampea-saa 70 haifai kutumiwa kupita nusu yake. Pampu inayovuta ampea 3 huimaliza nusu hiyo kwa takribani saa 12 za kufanya kazi, na kama ndiyo betri ya kuwashia mashine, asubuhi hutakuwa na pampu wala stata. Magamba ya samaki na nyuzi za nyavu huziba kichujio na kuizuia swichi isiinuke. Kiwango cha lita kilichoandikwa kwenye pampu nacho ni cha maji yasiyopandishwa. Yakipandishwa hadi ukingoni kupitia mpira mwembamba, hupungua sana. Na tundu la kutolea likiwa chini mno, boti ikishazama kidogo bahari hurudi ndani kupitia mpira huo huo. Anayemlipa kijana wa pwani achungulie chombo mara 2 kwa siku wakati wa masika ana ulinzi bora kuliko pampu peke yake.

Turubai pia huaminiwa kupita kiasi. Likilala bapa hufanya bwawa, bwawa hulikandamiza mpaka linachanika, na maji yote huingia kwa mkupuo. Liwekewe mti katikati ili liwe na mgongo, na lining'inie nje ya kingo.

"Maji ya chumvi ndiyo adui wa mbao, ya mvua hayana madhara."

Kwa mbao, kinyume chake kina ukweli zaidi. Chumvi huzuia kuvu wanaoozesha mbao, ilhali maji baridi (yasiyo na chumvi) yanayotuama kwenye ngama, yaani chini kabisa ndani ya chombo, na kati ya mataruma (mbao za mbavu zake) huwapa makazi. Mashua au ngalawa iliyoachwa na maji ya mvua kwa wiki kadhaa huoza kuanzia ndani, mahali ambapo macho hayafiki kwa urahisi.

"Mashine inakohoa baada ya mvua, basi koili imekufa."

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Kabla ya kununua koili, kifaa kinachozipa plagi umeme wa cheche, tazama petroli. Dumu au tangi la mafuta likikaa ndani ya maji ya mvua, au kifuniko chake kikiachwa wazi sehemu ya kupumulia, maji huingia, na kwa kuwa petroli ni nyepesi kuliko maji, maji hushuka hadi chini kabisa, pale pale mdomo wa bomba la kuvutia unapofika. Dalili yake inafahamika: mashine huwaka kwa mafuta safi yaliyobaki kwenye kabureta, hukimbia dakika chache, kisha hukohoa na kuzima unapoongeza moto. Chota mafuta ya chini ya tangi, uyatie kwenye chupa angavu na uyaache yatulie. Maji yakiwepo utayaona yamejitenga chini. Hapo mwaga mafuta ya kabureta kupitia skrubu yake ya chini, safisha tangi na kichujio, kausha plagi. Usiendelee kulazimisha mashine ya mipigo miwili, kwani oili yake husafiri pamoja na petroli, na inapovuta maji badala ya mafuta haipati ulainisho.

Dumu lililoelea na kupinduka huacha petroli juu ya maji ya ngama. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hivyo hubaki humo chini. Usivute sigara wala kuwasha pampu ya umeme kabla hujaiondoa petroli kwa matambara na kuacha chombo kipigwe na upepo.

"Mashine iliyozama ianikwe juani ikauke, halafu iwashwe."

Sijui ushauri unaoharibu mashine nyingi kuliko huu. Mashine iliyo ndani ya maji ya bahari huharibika polepole. Ikitolewa, chumvi na hewa hukutana, na kutu huanza ndani ya saa chache. Ioshe mara moja kwa maji baridi mengi. Ikiwa hakuna fundi atakayeishika ndani ya saa 2 au 3, itumbukize kwenye pipa la maji baridi mpaka apatikane. Usivute kamba wala kupiga stata kabla ya kutoa plagi zote, kwa sababu maji hayabanwi kama hewa, na pistoni ikigonga silinda yenye maji, mkono wake unaweza kupinda. Plagi zikishatoka, izungushe taratibu kwa mkono hadi maji yatoke, tia oili ndani ya silinda, izungushe tena. Ikigoma kuzunguka, acha. Hasa kama ilizama ikiwa inanguruma. Ya mipigo minne ibadilishwe oili, na ikiwa oili inayotoka bado ina rangi ya maziwa, ibadilishwe tena. Kisha iwashwe siku hiyo hiyo ndani ya pipa la maji baridi na iachwe ipate joto, ili unyevu uliobaki kwenye beringi ukauke kabla kutu haijashika.