Kusoma uzamili wa bioethiki: sifa zilizo kwenye tangazo na ile isiyoandikwa

Swali ninaloulizwa kuliko yote na wanaotaka kuomba ni hili: lazima niwe daktari? Si lazima. Bioethiki, yaani elimu ya maadili katika tiba, utafiti na sayansi za uhai, humpokea muuguzi, mfamasia, mtu wa maabara, mwanasheria, mwanafalsafa, mtaalamu wa sayansi za jamii, na hata mchungaji au shehe mwenye shahada. Nimefundisha madarasa ya madaktari watupu na madarasa ya mchanganyiko, na sisiti kusema kwamba yale ya kwanza yana upungufu. Wakijadili suala la kumtoa mgonjwa kwenye mashine ya kupumulia, madaktari peke yao hukimbilia vipimo na uwezekano wa kupona, na mjadala hufia hapo. Mwanasheria akiwepo atauliza nani katika familia ana mamlaka ya kuamua. Muuguzi aliyezoea zamu za usiku atauliza familia iliambiwa nini, na ni nani hasa aliyeambiwa.

Karatasi zenyewe hazina fumbo. Vyuo vingi vya Tanzania hutaka shahada ya kwanza yenye GPA isiyopungua 2.7 kati ya 5. Shahada zisizopangwa kwa madaraja, kama ya udaktari, hutazamwa kwa wastani wa alama za masomo. Aliyesoma nje ya nchi aanze mapema kuomba shahada yake itambuliwe na Tume ya Vyuo Vikuu (TCU). Kwa Kenya kazi hiyo ni ya tume ya vyuo vikuu ya huko, CUE. Anayeomba vyuo vya Ulaya au Marekani mara nyingi atatakiwa awe na mtihani wa Kiingereza, IELTS au TOEFL, na matokeo ya mitihani hiyo hudumu miaka 2 tu, kwa hiyo usiufanye kabla hujajua utaomba lini. Mtumishi wa umma asisahau ruhusa ya mwajiri. Nimeona watu wakipata udahili wakakosa ruhusa.

Kinachowachanganya wengi ni urefu wa masomo. Harvard Medical School wana uzamili wa bioethiki wa krediti 36, ambao anayesoma muda wote huumaliza kwa mwaka mmoja, na mwishoni hufanya mradi wa vitendo katika taasisi akiwa na mlezi wake. KU Leuven, Ubelgiji, wana programu ya mwaka mmoja yenye krediti 60 za Ulaya. Kwetu Tanzania uzamili huhesabiwa kwa krediti 180. Mtu akiziona namba hizi hudhani sisi tunabebeshwa mzigo mara tatu ya wengine. Sivyo. Krediti moja ya Tanzania ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, ya Ulaya ni saa 25 hadi 30. Piga hesabu: 180 mara 10 ni saa 1,800, na 60 za Ulaya hufika kati ya saa 1,500 na 1,800. Kazi ni karibu ileile. Kumbuka tu kwamba programu nyingi za Afrika Mashariki zina tasnifu ya utafiti, na tasnifu hula miezi ambayo ratiba haiionyeshi.

Hapa kwetu uzamili huu unatolewa Muhimbili, katika Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi (MUHAS), na jirani zetu Makerere wana uzamili wao chini ya sayansi za afya. Mafunzo ya maadili ya utafiti katika vyuo hivi yamesaidiwa sana na Fogarty, kituo kilicho chini ya taasisi za taifa za afya za Marekani. Ufadhili ukipatikana kupitia mradi wa aina hiyo, soma masharti: mara nyingi mfadhili anataka watu watakaorudi kwenye kamati za maadili za taasisi zao, na anayeomba bila taasisi nyuma yake huwa na kazi ngumu zaidi.

Sasa nifike kwenye sifa isiyoandikwa, ambayo mimi nikipewa mafaili ya waombaji ndiyo naitafuta kwanza. Naitafuta katika barua ya kueleza nia. Nataka kuona swali. Swali lililomkuta mwombaji kazini, likamsumbua, na ambalo halijibiki kwa kufungua mwongozo.

Barua nyingi husema: "Nina shauku kubwa ya kutetea haki za wagonjwa." Siamini kwamba waandishi wake wanadanganya, ila sentensi hiyo hainiambii kitu. Linganisha na mtu wa maabara anayeandika kwamba utafiti wa malaria alioufanyia kazi umefungwa, lakini sampuli za damu za washiriki bado zimo kwenye friza. Amepata maombi ya kuzipeleka nje ya nchi kwa utafiti mwingine wa vinasaba. Fomu ya ridhaa waliyosaini washiriki ilitaja malaria peke yake. Je, zitumwe? Zitupwe? Warudiwe watu ambao nusu yao wamehama? Huyo nitampigania apate nafasi hata kama GPA yake imegusa tu kiwango. Ameshika jambo lililowahi kuitikisa dunia. Mwaka 1990 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona walianza kuchukua damu za Wahavasupai, kabila dogo linaloishi ndani ya Grand Canyon, korongo kubwa la Marekani, wakiwaambia wanatafuta chanzo cha kisukari. Baadaye damu hiyo ikatumika pia katika tafiti za ugonjwa wa akili uitwao skizofrenia, za kuoana ndugu kwa ndugu, na za asili ya kabila hilo, mambo ambayo watu hawakuyajua na ambayo yaligusa masimulizi yao wenyewe ya walikotoka. Kesi ilimalizwa mwaka 2010 kwa makubaliano: dola 700,000 kwa wanakabila 41, na sampuli zikarudishwa.

Upande wa pili wa sifa hiyo ni uwezo wa kuandika hoja. Wahitimu wetu wa sayansi wamefunzwa kuandika ripoti: mbinu, matokeo, mjadala. Bioethiki hukudai kitu kingine. Unatoa msimamo, unautetea kwa sababu, kisha unachukua hoja nzito kuliko zote ya anayekupinga, unaieleza kwa haki kiasi kwamba yeye mwenyewe angekubali kuwa ndivyo anavyofikiri, ndipo unaijibu. Hatua hiyo ya tatu ndiyo inayowakwamisha wengi muhula wa kwanza. Wanafika na kanuni nne zinazojulikana: kuheshimu uamuzi wa mtu, kutenda mema, kutodhuru, na haki. Wanazitaja vizuri kama mashairi ya shuleni. Kisha nawapa kisa ambacho kanuni mbili zinavutana, na chumba kinanyamaza.

Muhula wa kwanza lazima upitie historia ya kanuni za utafiti kwa binadamu, na sioni njia ya mkato. Kanuni za Nuremberg za mwaka 1947, baada ya kesi ya madaktari wa Kinazi. Azimio la Helsinki la mwaka 1964, lililofanyiwa marekebisho mara kadhaa hadi 2024. Tuskegee, Alabama, ambako wanaume weusi 399 wenye kaswende walitazamwa tu bila kutibiwa, toka 1932 hadi siri ilipofichuliwa 1972, ingawa penisilini ilikuwa tiba inayojulikana tangu miaka ya 1940. Ripoti ya Belmont ya mwaka 1979, iliyoweka misingi ya maadili ya utafiti Marekani, ilizaliwa na hasira ya jambo hilo.

Lakini kisa ninachokaa nacho muda mrefu zaidi ni cha bara letu. Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg, kina kituo cha bioethiki chenye jina la Steve Biko. Wanafunzi hudhani ni heshima tu kwa mpigania uhuru wa Afrika Kusini, kama barabara zinavyopewa majina. Biko alipigwa kichwani akiwa mikononi mwa polisi Port Elizabeth, Septemba 1977. Madaktari wa serikali walimwona. Walijua kuna dalili zisizo za kawaida, na bado mmoja wao akakubali asafirishwe kwenda Pretoria, zaidi ya kilomita 1,000, akiwa uchi nyuma ya Land Rover. Alifariki tarehe 12 Septemba. Baraza la madaktari lilikataa kuwachukulia hatua mpaka mahakama ilipolilazimisha, na mwaka 1985 ndipo mmoja wa madaktari hao, Benjamin Tucker, alipofutwa kwenye rejista na mwenzake Ivor Lang akapewa karipio. Daktari aliyeajiriwa na serikali anamtumikia nani mgonjwa anapoletwa na pingu? Nikiuliza hivyo, daktari wa magereza, daktari wa jeshi na daktari wa kampuni ya mgodi, wote huinua vichwa. Mwanafunzi anayeweza kuandika kurasa 10 juu ya swali hilo bila kujificha nyuma ya lawama za makaburu amekwisha kuingia katika taaluma hii.

Mwisho ni tasnifu. Ukihoji watu, hata wauguzi wenzako 20, unahitaji kibali cha kamati ya maadili ya chuo chako kabla ya kuuliza swali la kwanza, kisha ruhusa za mkoa, wilaya na hospitali. Utafiti wa Zanzibar una mamlaka yake, taasisi ya utafiti wa afya ya huko (ZAHRI). Kenya utapita kwenye kamati iliyoidhinishwa, halafu leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia. Aliye chuo cha nje akitaka kukusanya data Tanzania atakutana na COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, na NIMR, taasisi ya utafiti wa magonjwa ya binadamu. Ongeza sheria za taarifa binafsi, ya Kenya ya 2019 na ya Tanzania ya 2022, kama utarekodi sauti au kupiga picha za mafaili.

Nikiketi kwenye kamati ya maadili, andiko la utafiti la mwanafunzi wa bioethiki nalisoma kwa jicho kali kuliko la mwingine yeyote, na wajumbe wenzangu hufanya hivyo pia. Kinachorudisha maandiko mengi ni fomu ya ridhaa. Huandikwa kwa Kiingereza, kisha kugeuzwa Kiswahili usiku wa kuamkia tarehe ya mwisho, na sentensi zake hazisomeki. Ianze fomu kwa Kiswahili. Nenda uisome kwa sauti kwa mtu wa rika na kisomo cha washiriki wako, umwombe akueleze alichoelewa, na urekebishe pale alipokosea. Fanya hivyo kabla ya kumpelekea msimamizi, ukijipa angalau miezi 3 kati ya siku ya kuwasilisha andiko na siku unayotarajia kwenda uwandani.