Nell analiza, Quilp anachekesha: yanayosemwa vibaya kuhusu The Old Curiosity Shop

Itaje riwaya hii ya Charles Dickens, ya mwaka 1840 na 1841, mtu atakujibu: "Ah, ile ya yule binti anayekufa." Kweli, Nell anakufa. Ila mengine yanayozungumzwa juu yake yana walakini.

"Ni kilio mwanzo mwisho."
Anayesema hivi hajakutana na Daniel Quilp. Ni mfupi, ana kichwa cha kulitosha jitu, na ndiye aliyemkopesha babu yake Nell fedha ambazo mzee alizimaliza kwenye kamari. Asubuhi moja anastaftahi mbele ya mkewe na mama mkwe. Anatafuna mayai ya kuchemsha pamoja na maganda, anabugia kamba wakubwa vichwa na mikia, anakunywa chai inayochemka bila kupepesa macho, kisha anang'ata uma na kijiko mpaka vinapinda. Wanawake wale wanaanza kutilia shaka kama huyu ni binadamu. Nawe unacheka, lakini hutaki aingie kwako.

Halafu kuna Dick Swiveller, karani mpenda maneno makubwa na kinywaji, anayegundua kijakazi mdogo asiye na jina, anayefungiwa jiko la chini na kulishwa kijipande cha nyama baridi. Dick anamfundisha karata na kumpachika jina la kifahari, Marchioness. Binti huyo hutia maganda ya chungwa kwenye maji baridi akajifanya anakunywa mvinyo. Anasema ukijifanya sana, ni tamu. Kwangu mimi kurasa hizo zinampita Nell kwa mbali, na hata machozi yanayotoka hapo ni ya halali zaidi.

"Tunaonyeshwa Nell akikata roho."
Hatuonyeshwi. Kit, kijana aliyekuwa mtumishi dukani kwa babu, anafika na wenzake kwenye theluji katika kijiji walikokimbilia Nell na babu yake, Nell amekwisha kufa. Babu bado anasema amelala.

"Dickens alikuwa na mpango wote kichwani."
Ilianza kama hadithi fupi katika jarida lake la kila wiki, Master Humphrey's Clock. Wasomaji walitaka riwaya, mauzo yakaporomoka, akairefusha. Mshono unaonekana: msimulizi, mzee Humphrey, anaaga mwisho wa sura ya 3 na harudi tena kuisimulia. Wazo la kumuua Nell nalo lilitoka kwa rafiki yake, John Forster.

"Duka lenyewe, lile la vitu vya kale la babu yake Nell, lipo London, Portsmouth Street."
Jengo lipo, na ni kongwe kweli. Ila jina hilo lilibandikwa baada ya riwaya kutoka. Na kitabu chenyewe kinakanusha: mwishoni duka limeshabomolewa, barabara pana imepita. Kit, sasa baba wa watoto, huwapeleka wanawe pale na kuchora mraba chini kwa fimbo, kuwaonyesha lilipokuwa. Baada ya muda hata yeye hana hakika tena ni wapi hasa.