Kasa wa Pangani: Yasemwayo na Yalivyo

"Kasa hana uchungu na mayai yake. Anataga, anaondoka, atakayeyakuta ni riziki yake."

Maneno haya yanauma kila yanaposemwa. Kasa haatamii, kweli, kwa sababu kazi hiyo ni ya mchanga. Yeye huchimba shimo kwa mapezi ya nyuma, hutaga mayai mia na zaidi, hufukia, kisha hurusharusha mchanga huku na huku ili pasijulikane. Joto la mchanga huyalea kwa takriban miezi miwili, tena ndilo linaloamua jinsia: likizidi, majike huwa wengi. Na huyo mama amengoja miaka 20 au zaidi hadi kufikia umri wa kutaga. Kufukua kiota chake ni kosa kisheria.

"Analia kwa uchungu."

Ni chumvi ya ziada inayotolewa na tezi za machoni. Hata majini hutoka, ila hatuioni.

"Kisiwa cha Maziwe kilishaliwa na bahari, kasa hawaendi tena."

Kuliwa, kimeliwa. Miti ya mivinje ilikatwa, mchanga ukakosa cha kuushika, na kufikia miaka ya 1980 kisiwa kilikuwa kimebaki fungu tupu linalofunikwa na maji ya bamvua. Lakini kasa bado wanapanda pale pale kutaga! Mayai yakiachwa huzama, na mtoto aliye ndani hupumua kupitia ganda. Ndiyo maana walinzi wa viota huyahamishia ufukwe wa Ushongo, na kazi hiyo inataka mkono mwepesi. Yai hubebwa vilevile lilivyolala, tena mapema, kwani baada ya saa chache kiinitete hujishika kwenye ganda upande wa juu, ukiligeuza, umekiua. Shimo jipya huchimbwa kwa kufuata lile la mama: jembamba mdomoni, pana chini.

"Ukikuta vitoto vya kasa, vibebe kwenye ndoo hadi majini."

Huruma njema, lakini viache vitambae vyenyewe. Zima tochi na taa za ufukweni, maana vitoto hufuata mwanga na taa huvirudisha nchi kavu.

"Nyama yake ni dawa."

Machi 2024, katika kisiwa cha Panza, Pemba, watu 9 walifariki baada ya kula nyama ya kasa. 8 kati yao walikuwa watoto. Sumu iliyomo katika nyama hiyo haitoki kwa kuchemsha wala kukaanga.